Mchagua Jembe Si Mkulima

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Msemo huu tumeuandika katika insha zetu hadi umechakaa kama kola ya shati la shule, na nahofia kwamba wengi wetu twauandika kwa ajili ya alama tu. Mwenzetu akianguka hesabu, kosa ni la kalkuleta. Timu yetu ikichapwa, kosa ni la uwanja, ati una mashimo. Chama chetu kikishindwa kuigiza, kosa ni la pazia lililokosekana. Kila mtu ana jembe lake la kulaumu.

Leo nimeshika kalamu niupime msemo huo kwa kipimo ambacho huenda kikakushangaza, nacho ni mchezo wa video. Najua wapo wazee wetu ambao wakisikia neno "gemu" huona kamari, na wapo walimu ambao huona alama ya D ikija mbio. Nawaomba wote subira. Gemu ninayoizungumzia si kamari. Ni hadithi, tena hadithi iliyotaka kuwa kubwa kuliko chombo kilichoibeba.

Mchezo wenyewe unaitwa God of War: Chains of Olympus. Uliundwa na kampuni ya Kimarekani, Ready at Dawn, ukatolewa na Sony mwezi wa Machi mwaka wa 2008 kwa ajili ya PSP, kile kimashine kinachoshikwa kwa mikono miwili. Nauelewa kwa sababu binamu yangu wa mjini Kajiado ana PSP aliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na kisahani halisi cha mchezo huu. Sisi twakaa Kitengela. Likizo ikifika napanda matatu ya barabara ya Namanga, napita Isinya, nashuka Kajiado, na kabla sijanywa chai ya shangazi nimeshaulizia kimashine. Nawaonya mapema wadogo wangu wa kidato cha kwanza: mchezo huu una damu, na huko Marekani umewekewa alama ya wenye miaka 17 na zaidi. Mimi nina 18. Nyinyi ngojeni.

Mhusika mkuu ni Kratos, askari wa Sparta katika hadithi iliyojengwa juu ya visasili vya Wayunani. Kabla ya hapo hadithi yake ilikuwa imetolewa kwenye PlayStation 2 mara mbili, mwaka wa 2005 na mwaka wa 2007. Ile ni mashine ya kuunganishwa kwa televisheni na umeme wa ukutani. Majitu yake yalijaza kioo chote cha sebuleni. Sasa Ready at Dawn wakaambiwa, haya, tieni vita hivi vyote katika kiganja cha mkono. Ilikuwa kama kumtia ndovu ndani ya kibuyu.

Kibuyu chenyewe kilikuwaje? Tuanze na vidole. Kidhibiti cha PlayStation 2 kina vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba na vitufe vinne mabegani. PSP ina kijiti kimoja na vitufe viwili mabegani, basi. Katika ile michezo ya televisheni, Kratos alikwepa pigo ukisukuma kijiti cha kulia. Kijiti hicho PSP haina. Mafundi wakaamua kwamba anayetaka kukwepa abonyeze vitufe vyote viwili vya mabegani huku akisukuma kile kijiti kimoja kilichobaki. Huwezekana, lakini adui hangoji upange vidole vyako.

Halafu kuna nguvu. PSP ilipotoka kule Japani Desemba 2004, Sony walikuwa wameifunga kasi ya prosesa yake isizidi megahezi 222, ijapokuwa iliundwa kuweza 333. Walitaka betri idumu. Sisi wa barabara ya Namanga twaelewa jambo hilo vizuri: ni kama matatu iliyotiwa kidhibiti mwendo kwa zile sheria za Michuki za mwaka wa 2004. Injini inaweza zaidi, lakini imekatazwa. Mwaka wa 2007 Sony wakakifungua kidhibiti hicho, na Chains of Olympus ukawa miongoni mwa michezo ya kwanza kufaidika. Vivuli na mwangaza vikapendeza. Malipo yake? Betri ikawa inaisha upesi zaidi. Cha bure hakuna.

Nafasi nayo ilikuwa finyu. Kisahani cha PSP kilibeba gigabaiti 1.8. DVD ya PlayStation 2 iliweza kubeba gigabaiti 4.7, na nyingine hata 8.5. Basi mchezo ulipotoka watu wakausifu kwa uzuri wa picha, kisha wakauliza, "Kwani umeisha?" Ni mfupi. Mtu aliyezoea huumaliza kwa siku mbili za likizo na bado akapata nafasi ya kuchota maji. Majitu makubwa ya kupigana nayo ni ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Ufinyu huu haukuishia kwenye PSP. Hapa Kitengela vijana wengi wanaoujua mchezo huu hawajawahi hata kuishika PSP. Wanaucheza kwa simu, kupitia programu iitwayo PPSSPP, iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka wa 2012 na inayotolewa bure. Kazi yake ni kuifanya simu ijifanye PSP, na kujifanya mashine nyingine ni kazi nzito kuliko kuwa mashine hiyo. Basi simu ya bei nafuu hutokwa jasho. Picha hukatikakatika, sauti ya Kratos huvutika kama kanda iliyolowa, na mgongo wa simu huwa moto wa kuchomea mahindi. Vitufe navyo vimechorwa juu ya kioo, kwa hiyo vidole vyako huyafunika yale unayotaka kuyaona. Ile amri ya kukwepa inahitaji vidole vitatu kwa pamoja, na mwenye kushika simu kwa mikono miwili ana vidole gumba viwili. Jirani yangu mmoja huweka simu mezani na kuicheza kama kinanda.

Sasa tufike kwenye hoja. Vijana wakikutana kuuzungumzia mchezo huu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema, "Mashine ndiyo iliuua huu mchezo. Ungewekwa kwenye mashine kubwa, ungekuwa moto." Kundi la pili, ambalo hupenda kuonekana lina hekima, husema kwamba upungufu ni baraka, kwamba fundi hunolewa na umaskini.

Mimi nayapinga yote mawili.

Nianze na la kwanza. Mwaka wa 2010, Ready at Dawn walitoa mchezo mwingine wa Kratos, God of War: Ghost of Sparta. Mashine ilikuwa PSP ile ile. Kijiti kimoja, vitufe viwili mabegani, gigabaiti 1.8. Je, ulikuwa mfupi vilevile? La hasha! Ni mrefu zaidi, una maadui wengi zaidi na majitu zaidi ya kupigana nayo. PSP haikuongezewa hata kitufe. Kilichoongezeka ni ujuzi wa mafundi, waliokuwa wamekwisha kukijua kibuyu chao, kona kwa kona. Na kiongozi wa kazi ile ya kwanza, Ru Weerasuriya, alieleza baada ya kuimaliza kwamba walilazimika kuacha mafumbo, wahusika na mazungumzo kadhaa, pamoja na mpango wa kuchezwa na zaidi ya mtu mmoja. Sababu aliyoitaja ni muda. Unaona, msomaji? Mengi tunayoyatwika mabega ya mashine yalikuwa ya kalenda.

Ushahidi mwingine ni wa mwaka wa 2011, michezo yote miwili ilipotolewa upya kwa PlayStation 3. Hapo palikuwa na nguvu za kumwaga, vijiti viwili, na televisheni pana. Picha ziling'aa. Lakini hadithi ya Chains of Olympus ilikuwa fupi vilevile! Ile "mashine kubwa" iliyolilewa ilikuja, ikausafisha mchezo uso, isiuongezee kimo. Anayengoja mashine kubwa imkamilishie kazi na azingatie hapo.

Kundi la pili nalo nalijibu hivi: umaskini si mwalimu, jamani. Mkono mtupu haulambwi. Kile kijiti kilichokosekana kiliuumiza mchezo kweli, na hakuna aliyenolewa kwa kupindishwa vidole. Sisi wa Kajiado tulioona ng'ombe wakifa kwa ukame wa mwaka wa 2022 hatutamwambia mfugaji kwamba uhaba wa maji ni baraka. Upungufu huuma. Ukiambiwa ushukuru kwa kukosa, mwulize anayekuambia kama yeye amekosa.

Basi msimamo wangu ni upi? Ni kwamba upungufu wa chombo huuma, lakini hauumi kila mahali. Kila chombo, hata kiwe duni namna gani, kina mahali ambapo upungufu wake haufiki. Fundi hodari hupatafuta mahali hapo, akaweka huko kilicho bora alicho nacho.

Ready at Dawn walipapata. Karibu na mwisho wa mchezo, Kratos anakutana na binti yake mdogo, Calliope, ambaye alikwisha kufa, katika bustani ya Elisio wanakokaa waliobarikiwa. Ili akae naye ameziacha nguvu zake zote na silaha zake. Mara anatambua kwamba Persefone, malkia wa kuzimu, amemhadaa, na kwamba akibaki pale dunia itaangamizwa, na mtoto pamoja nayo. Lazima aondoke. Mtoto anamkumbatia, hamwachi. Na mchezo haukuonyeshi tu jambo hilo kama sinema. Unakuambia wewe, mchezaji, ubonyeze kitufe cha duara, tena na tena, umsukume mtoto. Ukiacha kubonyeza, hadithi haisongi. Kidole kile kile ulichokitumia kuwachinja mazimwi sasa kinamsukuma mtoto anayelia.

Niambie, hapo palihitajika megahezi ngapi? Gigabaiti ngapi? Kitufe kimoja kilitosha. Hata kwenye simu iliyopasuka kioo, hata picha zikikatikakatika, pale huwa sebule nzima inanyamaza. Binamu yangu, ambaye ni mtu mzima mwenye ndevu, hufika hapo akanikabidhi kimashine: "Shika wewe, mimi siwezi." Miaka zaidi ya kumi imepita tangu mchezo utoke, mashine mpya zimezaliwa na kuzeeka, na kampuni yenyewe ya Ready at Dawn ilifungwa mwaka wa 2024, lakini tukio hilo halijapungua hata chembe.

Utaniuliza, wanachama wa Chama cha Kiswahili mna nini na haya? Tuna mengi. Kumbuka hadithi ya Fumo Liyongo tuliyoisoma darasani. Amefungwa minyororo gerezani. Mama yake anamwoka mkate wa wishwa, anaficha tupa ndani yake, na kijakazi Saada anaupeleka. Kisha Liyongo anaomba ipigwe ngoma ya gungu, na ngoma ikivuma anakata minyororo yake, ili askari wasisikie tupa. Mimi nikifumba macho naiona gemu tayari! Kitufe kimoja: ngoma ikivuma, bonyeza ukate, ikinyamaza, acha, la sivyo unasikika. Haihitaji picha za kifahari, yahitaji masikio tu. Simu duni kuliko zote hapa Kitengela inaiweza.

Sasa nenda mwisho wa hadithi. Mwanawe Liyongo amehongwa. Baba amelala, na kijana amesimama juu yake na sindano ya shaba, anajua kwamba ni kitovuni tu ndipo itakapoingia. Ananyanyua mkono, anashindwa. Ananyanyua tena. Weka kitufe hapo, kimoja tu, kisha umwambie mchezaji abonyeze. Nani atabonyeza? Gemu hiyo ina Kratos wake na Waswahili wana Liyongo, na sioni mizani ambayo Liyongo atapungua. Luanda Magere je, ambaye nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake? Mchezo ambao adui hapigi mwili bali kivuli, kivuli ambacho ni weusi mtupu, rangi rahisi kuliko zote kwa mashine kuchora!

Si ndoto za mchana hizi. Mwaka wa 2007, Mkenya Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi, mchezo wa kompyuta kuhusu msichana anayevisaka vitu vya kale vya Kiafrika. Mwaka wa 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, wakageukia simu, kwa kuwa simu ndicho chombo kilichomo mikononi mwa watu wetu. Mwaka wa 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, ambamo Nairobi inashambuliwa na viumbe kutoka anga za mbali. Watu hawa hawakungoja jembe la dhahabu.

Lipo neno moja zito ambalo sitaki kulipita kimyakimya. Vijana wengi hapa kwetu huipata michezo ya PSP kwa kunakiliana bila kulipa. PPSSPP yenyewe ni halali. Kunakili mchezo wa mwenyewe usioununua ni jambo jingine, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huzilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Wengine hujitetea, "Sasa tufanyeje, na PSP haziuzwi tena mpya?" Naielewa shida yao. Lakini tukizoea kwamba gemu ni kitu cha kuokota, siku mwenzetu wa Isinya atakapoitunga ya kwake, tutamwokotea yake pia, naye atalala njaa. Mkono uliozoea kuchota hauulizi kisima ni cha nani.

Mwisho naleta maombi matatu, nayo hayahitaji bajeti ya kaunti.

La kwanza ni kwa chama chetu. Mwaka ujao tutenge kurasa mbili za jarida hili kwa hadithi zilizotungwa ili zichezwe. Mwandishi aeleze mchezaji atafanya nini kwa kidole chake, na atahisi nini akifanya hivyo. Mazungumzo yawe ya Kiswahili sanifu na cha mitaani, kama tunavyosema kweli. Kalamu na karatasi tunazo.

La pili ni kwa walimu wetu wapendwa. Kompyuta za shule ni chache na ni kuukuu, twajua. Lakini Jumamosi alasiri hukaa zimefunikwa vitambaa kama maiti. Ipo programu iitwayo Scratch, iliyoundwa katika chuo cha MIT, isiyolipiwa, ambayo mwanafunzi aweza kuitumia kuunda mchezo mdogo bila kuwa mtaalamu. Tupeni saa mbili kwa wiki na mwalimu mmoja wa kutusimamia. Simu hatuziombi, sheria za shule twazijua.

La tatu ni kwa yeyote kati yetu atakayeunda kitu. Kabla hujajisifu, kijaribu kwenye simu mbovu kuliko zote unazozijua, ile iliyofungwa kwa mpira, ya yule kijana anayechunga mbuzi kule nyuma ya Isinya na kuichaji kwa jua. Ikikwama mikononi mwake, usimwambie anunue nyingine. Simu kubwa ina bei ya ng'ombe. Rudi ukatafute mahali ambapo upungufu haufiki.

Basi wenzangu, jembe letu lina mpini uliopasuka, nakubali, na anayeweza kutuletea lingine na alete, tutampokea kwa vigelegele. Wakati tunamngoja, mvua nayo haingoji. Kwa hayo naiweka kalamu chini. Kiswahili kitukuzwe!